Makombo ya Kanda

Mimi sipendi mtu aondoke kabla kitu hakijaisha. Wanangu wananicheka kwa hilo. Harusini nakaa mpaka turubai linafunguliwa, kanisani nangoja mpaka tangazo la mwisho, na filamu ikiisha nakaa nasoma majina ya watu nisiowajua mpaka kioo kiwe cheusi. "Mama, imeisha!" wananiambia. Haijaisha. Najua ninachosema, kwa sababu mama yangu alirudishiwa sauti yake na kipande cha kanda ambacho watu wote walikuwa wamekiacha na kwenda zao.

Ilikuwa ile miaka maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliotoka kwenye shida tulikuwa bado hatuamini. Sabuni ipo, sukari ipo, na wala huhitaji kumjua mtu! Mama aliendelea kuficha miche ya sabuni chini ya kitanda, na nikimcheka ananiambia, "Wewe cheka tu. Hawa wakiamua kufunga tena utanitafuta." Tulikuwa tunakaa Kabasa, hapo Bunda. Tulihamia kutoka kijijini kwetu ziwani, kule rasini upande wa Musoma. Baba alibaki na nyavu zake, akawa anatuletea sangara, na mama anawakaanga na kuwauza.

Katika shida yote ile mama alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyemnyang'anya, nacho ni sauti. Kwaya ya kanisa letu aliiongoza yeye. Na wimbo uliopendwa kuliko zote aliutunga mwenyewe, tena hakuutungia kanisani. Aliutungia kwenye foleni ya sabuni, nje ya duka la ushirika, mimi nimeshika kanga yake. Foleni ilikuwa haisogei tangu asubuhi. Muuzaji akaanza kuvuta dirisha, na mama, kwa hasira nadhani, akapaza sauti: *Usifunge dirisha, Bwana, foleni bado ndefu.* Watu wakacheka. Halafu wakaitikia. Halafu wanawake wengine wakaanza kulia, na muuzaji akaacha dirisha wazi. Sabuni hatukupata, maana haikuwepo, lakini Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linaimba wimbo ule.

Yeye aliimba "foreni". Kwa lugha yetu ya nyumbani r na l hazigombani, kila moja inakaa popote inapotaka, na Kiswahili tulikikuta shuleni. Mwalimu wa kwaya, mtu wa kuja, alihangaika naye mpaka akachoka. "Mama, sema foleni." "Si ndiyo nasema? Foreni."

Basi, likaja lile la Kiabakari. Kulikuwa na kanisa jipya linafunguliwa, kwaya zimetoka kila upande, wageni wameketi mbele kwenye viti vya kitambaa. Mama akaanza wimbo wake. Akapanda vizuri, akapanda, na pale juu kabisa, kwenye lile neno "ndefu", sauti ikakatika. Ikatoka kama ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Watoto wakaangua kicheko, na wakubwa wengine nao wakainamisha vichwa mabega yakitikisika. Mama akafunga mdomo, akarudi mstari wa nyuma. Wakati wa kula, mwanamke mmoja wa kwaya yetu akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Labda Mungu amechukua kilicho chake." Ningekuwa na umri wa sasa ningemjibu hapohapo, na jibu langu lisingefaa kusemwa kwenye uwanja wa kanisa. Lakini nilikuwa mtoto wa sekondari, nikaendelea kukusanya sahani.

Kwa mama maneno yale yalizama. Tangu siku ile alikaa nyuma kwenye kwaya, anachezesha midomo tu. Hata jikoni aliacha kuimba. Alikuwa mtu wa kuimba akipaa samaki, akisonga ugali, akitafuta kiatu kilichopotea, na sasa nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasha redio bila sababu, natafuta mtu yeyote wa kusema.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, nina Kiingereza changu cha shule na kiburi chake chote, wakati kwaya ilipoamua kwenda Musoma kurekodi kaseti. Kwaya zote zilikuwa zinarekodi siku hizo. Mwalimu wa kwaya akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema wimbo wa foleni lazima uwemo, na wa kuuongoza ni mama. Mama akakataa. Mwalimu akambembeleza, akakataa. Mwishowe akasema basi, akikataa mpaka Jumapili jioni atampa wimbo mke wa mzee wa kanisa. Sasa yule mama, Mungu amrehemu, l zake zilikuwa safi kabisa, lakini aliimba kama mtu anayesoma matangazo.

"Mpe," mama akasema. "Mimi nilishanyang'anywaga."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Wimbo wake mwenyewe! Ile kaseti ingekwenda Butiama, Mwanza, mpaka kwa watu tusiowajua, na wimbo uliozaliwa kwenye kanga ya mama yangu ungesikika kwa mdomo wa mtu ambaye hakuwahi kupanga foleni, maana mumewe alipitishiwa sabuni mlango wa nyuma. Nilitaka mama agombane. Hakugombana, na hilo ndilo lililonitisha.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mzee Mwislamu mwenye baba wa Kigoma na mama wa hapahapa, mtu wa maneno mengi. Mitumba ilipoingia hakuna tena aliyeshona shati, basi kibanda chake akakigeuza banda la video. Ndugu yake aliyekuwa Uarabuni alimletea deki ya video na televisheni. Televisheni ile aliiweka juu ya meza ya cherehani, jenereta likanguruma nyuma, na vijana wa Bunda wakajaa kutazama karate. Mama alikaanga samaki pale mlangoni. Hakuwahi kuingia. "Humo wanaingiaga wahuni," alisema, ingawa wahuni haohao ndio waliomaliza samaki wake.

Jumapili yenyewe, ile ya mwisho, tulitoka kanisani tukaenda bandani na karai letu. Fundi alikuwa na kanda mpya. "Leo Mama Kwaya nina watu wako," alimwambia mama. "Wamarekani weusi. Muziki wa soul, wa zamani, ule wenyewe. Wanaimba mpaka jasho linachuruzika." Mama akaguna tu, akachochea moto.

Kibanda kilikuwa cha mbao, kila kitu kilisikika nje. Tulisikia ngoma, tulisikia matarumbeta, kisha ikaja sauti ya mwanamke. Jamani. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Ilianza chini, kama mtu anayekulalamikia jambo la nyumbani, ikawa inapanda taratibu, na ilipofika juu ikakaa hukohuko, haina haraka ya kushuka. Nilimgeukia mama. Alikuwa ameshika kijiko hewani na samaki wanaungua. Mama yangu, ambaye hata siku ya msiba hakuwahi kuunguza samaki! "Mama, samaki!" nikamwambia. Akashtuka, akawatoa, akasema moshi umemwingia machoni.

Onyesho likaisha. Vijana wakatoka wananung'unika kwamba hakuna aliyepigwa, wakanunua samaki, wakaondoka. Lakini ndani nilisikia watu bado wanaongea Kiingereza, wanacheka, mtu anagonga kinanda. Nikamwuliza Fundi kulikoni.

"Ah, hayo ni makombo," akasema. "Wakimaliza onyesho wanakuwekea mwishoni picha za mazoezi, wanapiga stori, wanafunga nyaya. Nani anataka? Nazima, nisimalize petroli."

Pale pale mvua ikashuka, ile ya Bunda isiyopiga hodi. Tukanyakua karai tukaingia ndani. Ndivyo mama yangu alivyoingia banda la video kwa mara ya kwanza, na mafuta ya samaki mkononi.

Kwenye kioo kulikuwa na ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa. Watu wamekaa ovyo na vyombo vyao. Katikati kuna mwanamke mnene amefunga kitambaa kichwani, amevaa kandambili, anakula kitu kwenye karatasi.

"Huyu mpishi?" mama akauliza.

"Huyo ndiye mwenyewe, Mama Kwaya," Fundi akasema. "Yule uliyemsikia."

"Acha uongo. Huyu?"

Mwanamke akafuta mikono, akasimama, akaanza kuimba. Ni wimbo uleule. Akapanda, akapanda, na pale juu sauti ikamkatika. Jogoo mchanga kabisa, kama wa Kiabakari.

Mama alinishika mkono akaukaza. Nilidhani atatoka akimbilie mvuani. Kwenye kioo wapiga vyombo waliangua kicheko, na mwanamke yule, badala ya kufa kwa aibu, alicheka kuwazidi. Alicheka mpaka akainama, akampiga kofi la mgongoni mzee mmoja mwembamba wa kwenye kinanda. Akanywa maji. Yule mzee, bila hata kumtazama, akainua kidole akasema, "Fromu ze topu."

"Amesema nini?" mama akauliza.

Sasa, mimi nilikuwa msomi. Mtu mwenye cheti cha kidato cha nne kinachokuja njiani hawezi kusema hajui. "Fromu" ni kutoka. "Topu" ni juu. Nikajibu haraka, "Amesema: kutoka juu."

Mama akainua macho, akatazama mabati. Fundi naye akatazama mabati.

Mwanamke akaanza tena. Ikamkatika tena. Wakacheka tena, mzee akainua kidole: "Fromu ze topu."

"Kutoka juu," nikasema, sasa kwa sauti ya mtaalamu.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wahuni, karai miguuni. "Kumbe hawamwambiagi ajikaze," akasema polepole. "Hawamsemi. Wanamkumbusha tu kwamba si yake, inatoka juu. Imekatika, anangoja, inateremshwa nyingine." Akanigeukia. "Hao ni watu wa kanisa?"

"Kabisa, mama." Wallahi sikuwa najua lolote.

Kwenye kioo mtu mwingine akapiga makofi akasema, "Teki faivu!"

"Chukua tano," nikatafsiri.

"Tano za nini?" Fundi akauliza, akivutiwa sasa.

"Posho, labda."

Tukangoja kuona posho. Wale watu wakainuka, wakawasha sigara, wakaenda kunywa chai. "Mbona hawapewi?" Fundi akasema. "Kila mahali ni hivyohivyo!" Akashika kitufe cha kuzima. Mama akachagua kipande cha sangara, kile cha mkiani alichokuwa anakipenda yeye mwenyewe, akamwekea mkononi.

"Fundi, kula samaki. Mashine iache."

Akala. Mama akamwomba arudishe kanda nyuma pale sauti inapokatika. "Mama Kwaya, itachakaa!" Kipande kingine cha samaki. Tukaitazama tena, na tena, mvua inapiga mabati na sisi tunapaza sauti kushindana nayo. Mama hakutaka kuona onyesho lenyewe, lenye magauni na taa. Alitaka kuona pale tu ambapo yule mwanamke anakosea na anacheka. Kila kidole cha yule mzee kilipoinuka, mama alisema kabla yangu, "Kutoka juu." Alisema mara ya kwanza kwa mshangao. Mwishowe alisema kama mtu anayemwitikia mchungaji.

Petroli ikaisha mwanamke akiwa njiani kupanda. Kioo kikawa cheusi. Fundi akapiga kelele kwamba tumemfilisi kwa uchawi wa samaki wetu, na mimi niliumia kweli, maana sasa hatungejua kama aliipata ile sauti au la.

"Aliipata," mama akasema, akijifunga kanga. "Si nilimsikia pale nje? Onyesho lilikuja baadaye. Aliipata."

Mvua ilipokatika hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kwaya na karai lake tupu kichwani, mimi nyuma yake naruka madimbwi. Mwalimu alikuwa anakula. Mama alisimama mlangoni akamwambia, "Mwalimu, wimbo wangu nauimba mimi." Halafu akaongeza, "Na nitasema foreni."

Tulikwenda Musoma nyuma ya lori, tukapita Kiabakari tena, na pale barabarani mama hakugeuza uso pembeni. Tulirekodia kwenye ukumbi wa shule. Fundi mitambo alikuwa amepigilia mablanketi madirishani ili baiskeli za nje zisisikike. Akatuonya kwamba hana mashine ya kuunganisha vipande. Mtu mmoja akikosea, anarudisha kanda nyuma, wimbo wote unaanza upya. Nikaona mke wa mzee wa kanisa anavuta pumzi, yuko tayari.

Mama akaanza. Mimi nilisimama ukutani na madumu ya maji, nimefumba macho. Akapanda. Akafika kwenye "ndefu". Ikakatika.

Mwalimu akashika paji la uso. Wanakwaya wakatazama sakafu, wote, na mimi nikajisemea, basi, tumekwisha, tunarudi Kabasa kwenye kimya chetu.

Mama akakohoa. Kisha akacheka. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kiabakari, akainama kabisa kama yule mwanamke wa kandambili, akampiga mwalimu wa kwaya kofi la mgongoni mpaka kitabu kikamtoka mkononi, akasema, "Haya! Kutoka juu!"

Kwaya nzima ikainua macho kutazama dari. Kulikuwa na mjusi. Watu wakacheka mpaka fundi mitambo akavua visikilizio vya masikioni, naye akicheka, akasahau kabisa kurudisha kanda nyuma. Mama akavuta pumzi, akaanza upya bila kumngoja mtu, na kwaya ikamdaka hewani. Safari hii alipofika juu alikaa hukohuko. Hakuwa na haraka. *Foreni bado ndefu.* Mimi nililia hadharani na madumu yangu, na sikujali nani ananiona.

Ndiyo maana kwenye kaseti ile, kabla ya wimbo, unasikia sauti ya mwanamke inakatika, kikohozi, kicheko, na "Haya! Kutoka juu!" Mwalimu wa kwaya alitaka kufa kwa hasira. Watu wakapenda kuliko nyimbo zote. Hapo Bunda ukawa msemo. Lori likigoma kuwaka, wasukumaji wanaambiana, "Kutoka juu!" na wanasukuma tena. Fundi naye, kila jenereta likizimika katikati ya karate, alitoa kichwa dirishani akapiga kelele hiyohiyo.

Chuo cha ualimu ndiko nilikojua. Mkufunzi wa muziki alitusimamisha katikati ya wimbo, akasema yale maneno ya yule mzee wa kinanda, kisha akaeleza kwa Kiswahili: anzeni mwanzo. Ile "chukua tano" nayo, kumbe ni mapumziko ya dakika tano. Nilikaa kitini nikahisi masikio yanawaka moto. Likizo ilipofika nilimkuta mama jikoni anasonga ugali, anaimba. Nikamwambia ukweli: yule mzee hakusema mambo ya mbinguni, alisema tu waanze mwanzo.

Mama akaendelea kusonga. "Na yule mama si alianza mwanzo?"

"Alianza."

"Na sauti si ilikuja?"

"Ilikuja."

"Sasa kosa lako liko wapi? Lete sahani."

Kaseti yetu wenyewe ililiwa na redio miaka mingi iliyopita. Utepe ulivutwa wote ukajisokota, nikakata sehemu iliyoharibika, nikaunganisha kwa gundi ya karatasi. Wimbo ulikwenda. Kilichobaki ni mwanzo wake tu, yale makombo: sauti inakatika, kikohozi, kicheko, "Haya! Kutoka juu!", mvuto wa pumzi, basi, mkwaruzo. Mama hakusikitika. Watoto na wajukuu wakijaa nyumbani kwake, anasema leteni redio. Tunaiweka, redio inasema kutoka juu, inanyamaza, na yeye anaudaka wimbo pale ulipoachwa.

Tulifanya hivyo Pasaka iliyopita. Ni mzee sasa, sauti yake nyembamba, na alipofika kwenye "ndefu" ikamkatika. Wajukuu wakaruka wote kwa pamoja, "Kutoka juu, bibi!" na yule mdogo kabisa akatazama mabati. Mimi nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, na wanafunzi wangu watakuambia kalamu yangu nyekundu haina huruma. Hilo moja sijalisahihisha tena tangu siku ile ya ugali. Mama akacheka, akanywa maji, akaanza tena.